Kompyuta ikigoma usiifute, panda mfongo

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja ulioenea katika ofisi zetu za Moshi mjini na kule milimani, nao hauhusiani na migomba wala mibuni. Ni ugonjwa wa kufuta. Kompyuta ikigoma asubuhi, mchana anaitwa fundi, na kabla jua halijatua fundi amekwisha kufuta kila kilichokuwamo ndani na kupandikiza programu upya. Kompyuta inawaka, mwenye ofisi anatabasamu, fundi anapokea hela yake na kwenda zake. Kesho yake ndipo mtu anapouliza: orodha ya wanachama iko wapi? Barua za mwaka juzi ziko wapi? Hakuna wa kujibu.

Nina sababu ya kulizungumza jambo hili sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha utaratibu wa kawaida wa kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kompyuta za miaka ya karibuni. Sasa nenda kwenye shule zetu, zahanati zetu na vyama vyetu vya ushirika, ukatazame kompyuta zilizopo. Nyingi ni kuukuu. Zimefanya kazi Ulaya kwanza, ndipo zikapakiwa melini kuja kwetu. Wenye kompyuta hizo wanashauriwa wahamie kwenye mfumo uitwao Linux, nami naona ushauri huo ni mzuri. Lakini anayehamia nyumba mpya hukuta mlango unaokwama na bomba linalovuja, na fundi aliyezoea kufuta atafuta huko nako.

Nieleze kwanza Linux ni nini, kwa faida ya wasioijua. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziongoza nyingine zote. Mwaka 1969 wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, akina Ken Thompson na Dennis Ritchie, walianza kutunga mfumo endeshi ulioitwa Unix. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman akatangaza mpango wa kutunga mfumo unaofanana na huo, ila uwe huru: kila mtu ausome, aurekebishe na amgawie jirani. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini kilichokuwa kinakosekana, na hicho ndicho kilichoitwa Linux. Mwaka 1993 likaanzishwa kundi la Debian, ambalo hukusanya programu huru na kuzifunga katika vifurushi. Mwaka 2004, juu ya msingi wa Debian, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha toleo aliloliita Ubuntu. Neno hilo halihitaji mkalimani huku kwetu, maana ni ndugu wa neno letu utu.

Mifumo hii ina tabia moja nzuri. Ikishindwa kufanya jambo, mara nyingi husema kwa nini imeshindwa. Taabu ni kwamba husema mengi, husema kwa Kiingereza, na husema kwa mistari mia mbili inayopita kiooni kama mabasi ya Dar es Salaam yanayopita Himo. Mtu hukamata mstari wa mwisho tu, akaanza kupigana nao. Hapo ndipo anapopotea.

Wenyeji wa mlima hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa wanaujua mfongo. Kwa msikilizaji wa mbali, mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaochota maji mtoni huko juu na kuyateremsha kwenye ukingo wa mlima mpaka vihambani, kwenye migomba na kahawa. Mifongo ilikuwapo kabla Wajerumani hawajafika, na wazee wake waliipangia zamu na sheria. Sasa maji yakikatika katika kihamba cha chini kabisa, mwenye kihamba afanye nini? Achimbe hapo hapo chini ya mgomba wake? La hasha! Huchukua jembe akaufuata mfongo kuelekea juu, mpaka afike mahali ambapo juu yake maji yapo na chini yake hayapo. Papo hapo pana tundu la fuko, au gogo limeanguka, au jirani ameyageuza maji kwake nje ya zamu. Vihamba kumi vilivyokauka chini ya hapo havina kosa lolote. Vimekauka kwa sababu ya tundu moja.

Basi na kompyuta ni hivyo hivyo. Makosa kumi yanayoonekana kiooni mara nyingi ni vihamba vilivyokauka. Tafuta kosa la kwanza.

Niseme jinsi programu inavyojengwa, kwa sababu huko ndiko makosa ya namna hii yanakoonekana waziwazi. Programu nyingi huja zikiwa tayari katika vifurushi, nawe huamuru tu ziwekwe. Lakini nyingine, hasa za kuendeshea vifaa vya zamani, huja zikiwa chanzo, yaani maandishi aliyoyaandika mtungaji. Maandishi hayo lazima yageuzwe na programu iitwayo kompaila yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda. Kazi yenyewe ina hatua. Kwanza huendeshwa hati iitwayo configure, ambayo hukagua kama kila kinachohitajika kipo. Ikiridhika, huandika faili la maelekezo liitwalo Makefile. Kisha amri ya make, iliyobuniwa na Stuart Feldman mwaka 1976, huyasoma maelekezo hayo na kujenga kila kitu kwa mpangilio wake. Ni kama mbege. Ndizi ziive kwanza, zichemshwe, zichachuke, na kimea cha ulezi kiwe tayari kwa wakati wake. Aliyesahau kuuotesha ulezi asiulize kwa nini hana mbege.

Msimu mmoja nilialikwa na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, upande wa mlimani. Kompyuta yao ilikwisha kuhamishiwa Linux, nayo ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ndani yake mlikuwa na daftari la misimu mitatu: nani alileta kilo ngapi za kahawa ya maganda, alilipwa nini kwanza, na anadai nini katika malipo ya pili baada ya kahawa kuuzwa mnadani. Mkutano wa wanachama ulikuwa Jumamosi, na orodha ilipaswa kubandikwa ukutani ili kila mkulima aone jina lake. Printa yao ya zamani ilikataa. Kijana mmoja alikuwa ameleta programu ya kuiendesha kutoka mjini, ikiwa chanzo ndani ya flashi, kwa vile ofisini hapakuwa na intaneti. Alijaribu siku nzima. Hatimaye akatoa hukumu: Linux haifai, tufute, turudishe mfumo wa zamani. Bahati njema katibu alikataa. Alisema daftari lile ni la watu, na hana ruhusa yao ya kulifuta.

Nilipofika, kijana alinionyesha mstari wa mwisho. Ulisema kwamba hakuna Makefile, hivyo make inaacha kazi. Alikuwa ameutumia muda wake wote kulitafuta faili hilo, akidhani limesahauliwa mjini. Lakini kumbuka nilivyosema: Makefile huandikwa na configure. Kama halipo, maana yake configure haikumaliza kazi yake. Basi tukapanda juu. Tukaendesha configure upya na kusoma taratibu, mstari kwa mstari. Mistari michache tu tangu mwanzo tukakuta imesimama na kusema, kwa Kiingereza chake: faili lililoundwa sasa hivi ni kongwe kuliko mafaili yaliyoletwa, angalia saa yako.

Ndugu msikilizaji, hebu litafakari neno hilo. Mtoto amezaliwa leo, na umri wake umempita babu yake! Tukaandika amri fupi ya date, ambayo huuliza tarehe. Kompyuta ikajibu tarehe ya mwaka uliopita. Kwake yeye mwaka huu ulikuwa haujafika, na mafaili yaliyotoka mjini yalikuwa yametoka wakati ujao.

Kwa nini saa ilirudi nyuma? Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo bapa kama sarafu. Aina inayotumika sana huitwa CR2032, ina volti 3 na upana wa milimita 20. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila mara umeme unapokatika, au swichi ya ukutani inapozimwa jioni, kompyuta husahau tarehe. Katika chama kile swichi ilizimwa kila jioni kwa kubana matumizi. Betri ile bei yake haifiki ya kilo moja ya nyama.

Tazama sasa lile tundu moja lilivyokausha vihamba vingi. Configure ilikataa kwa sababu ya saa. Siku waliyounganisha intaneti ya simu, tovuti za benki zilikataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vilionekana havijaanza kutumika. Orodha ya vifurushi vya programu ilikataliwa kwa madai kwamba muda wake bado. Na baya kuliko yote, stakabadhi zilizoandikwa wakati huo zilibeba tarehe za mwaka uliopita, jambo ambalo siku ya ugomvi lingemtia mtu matatani bure. Aidha, kama wangefuata shauri la kufuta, wangepoteza daftari la misimu mitatu na saa ingebaki mbovu vile vile, kwa maana betri haimo ndani ya diski.

Tukarekebisha tarehe kwa mkono, configure ikasonga mbele, ikasimama tena mahali pengine. Msikate tamaa mkiona hivyo. Kusimama mbali zaidi ni kusonga mbele. Maji yamevuka tundu la kwanza na kukuta la pili. Safari hii ilisema haioni faili la CUPS, ambao ndio mfumo wa uchapaji katika Linux. Kijana akashangaa, maana CUPS ilikuwamo. Ni kweli ilikuwamo, lakini Debian na Ubuntu hugawa programu nyingi za aina hiyo katika mafungu mawili: fungu la kutumia na fungu la kujengea. Dereva wa gari hahitaji michoro ya injini, fundi anaihitaji. Fungu la kujengea huwa na herufi dev mwishoni mwa jina lake. Tukalivuta kwa bando la simu, make ikafanya kazi yake, printa ikaanza kunguruma. Jumamosi orodha ilikuwa ukutani, na wazee walikuwa wameisogelea wakifuatisha majina yao kwa kidole.

Upande wa pili ni ule wa kioo chenyewe, yaani meza ya kazi unayoiona ukiwasha kompyuta. Kwa mashine dhaifu mimi hushauri meza nyepesi kama Xfce, iliyoanzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996. Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni haya: unaandika neno la siri, ni sahihi, kioo kinapepesa, kisha unarudishwa pale pale pa kuandika neno la siri. Watu husema kompyuta imeingiwa na pepo, na tiba ya pepo, bila shaka, ni kufuta.

Hapana pepo. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na F3. Utapata kioo cheusi cha maandishi, nacho kitakupokea kwa jina na neno lako la siri lile lile. Andika df -h, uone kama diski imejaa. Diski ikijaa asilimia 100, meza ya kazi haina mahali pa kuandika mambo yake, hivyo hukurudisha mlangoni. Amri ya sudo apt clean huondoa vifurushi vya programu vilivyokwisha kutumika, na mara nyingi hiyo hutosha kukupa upenyo. Kama diski haikujaa, tazama faili la siri liitwalo .Xauthority katika kabrasha lako la nyumbani. Mtu akiwasha meza ya kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, faili hilo huweza kugeuka mali ya msimamizi, nawe ukafungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe. Lirudishe mikononi mwako kwa amri ya sudo chown, ukitaja jina lako.

Kuna jaribio moja zuri zaidi. Fungua jina jipya la mtumiaji, uingie nalo. Likiingia salama, umekwisha kujua kwamba mashine ni nzima na mfumo ni mzima. Kilichoharibika ni mapangilio ya yule mtumiaji wa zamani tu. Mapangilio hayo hukaa katika makabrasha ambayo majina yake huanza na nukta, kama vile .config. Usiyafute. Yabadilishe jina, uingie tena, na mfumo utatengeneza mapya. Ukikosea, unarudisha jina la zamani na hakuna kilichopotea.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika katikati ya kuweka programu, kazi hubaki nusu, na kila unalojaribu baadaye hukataliwa. Hapo kompyuta yenyewe mara nyingi hukuandikia dawa kiooni: sudo dpkg --configure -a. Maana yake, maliza kazi zilizoachwa njiani. Nimeona watu wakifuta mashine nzima ilhali dawa imeandikwa mbele ya macho yao.

Basi nitoe mwongozo mfupi. Kwanza, kabla ya lolote, okoa mafaili. Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ukanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Pili, tunza maneno ya mashine. Ukiandika make > kumbukumbu.txt 2>&1, mistari yote huingia kwenye faili badala ya kukupita kiooni. Kisha tafuta humo neno la Kiingereza error, ukianzia juu. Neno warning ni onyo tu, na maonyo mengi hayazuii kazi. Configure nayo huacha maelezo yake katika faili la config.log. Tatu, badilisha jambo moja, jaribu, kisha badilisha jingine. Anayebadilisha matano kwa pamoja hatajua lipi limeponya na lipi limeua. Nne, andika ulichokifanya katika daftari la karatasi likae ofisini, ili fundi wa kesho asianze gizani.

Najua mtu ataniuliza: je, asiyejua Kiingereza afanyeje? Swali la haki. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, hivyo tulichelewa kuzizoea, na zilipoingia ziliingia zikisema lugha ya wengine. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi inayosema Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huru, chanzo chake kiko wazi, na hakuna aliyepaswa kuombwa ruhusa. Kazi ile yafaa iendelezwe. Mwanafunzi wa chuo chochote hapa Moshi anaweza kuanza na makosa ishirini yanayojirudia, akayafasiri kwa Kiswahili cha kueleweka na kuyabandika ukutani mwa chumba cha kompyuta.

Kwa mafundi sina ugomvi. Wengi wana bidii, na kufuta wamefundishwa na wateja wenye haraka. Kwa hiyo nasema na wateja. Fundi akija, usimwulize atamaliza saa ngapi. Mwulize: kosa la kwanza limesema nini? Akikuonyesha, mwachie kibodi, na umlipe vizuri. Akikujibu kwamba tufute tu, mpe chai, mshukuru kwa kuja, na kibodi ibaki upande wako wa meza.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.